Tumekuja Kuaga

Kabla hakujapambazuka, mfuniko wa pasi ya mkaa ulishushwa polepole, ukasita kidogo, kisha ukatua kwa mkwaruzo mdogo wa chuma kugusa chuma. Baada ya hapo kimya kikarudi.

Kijana alikuwa macho. Upande wa pili wa ukuta alimsikia bibi yake akipuliza makaa kwa pumzi fupi fupi, kama mtu anayepoza uji wa mtoto. Bibi hupiga pasi nguo za watu: sare za wauguzi, mashati ya maofisini, gauni la bibi harusi pale linapopatikana. Zamani kazi hiyo ilikuwa na kelele zake. Bibi aliimba. Mfuniko aliubamiza kama anayefunga mlango kwa hasira, na mjukuu akichelewa kuamka alimrushia matone ya maji ya kunyunyizia nguo. "Mume wangu, wenzako wameshaamka wanatafuta, wewe umelala kama umelipwa. Niletee mkaa." Naye angeamka akinung'unika kwamba ndoa hii aliozeshwa kwa nguvu.

Tangu aingie chuo kikuu, mambo hayo yalikoma. Hakuna aliyekaa kikao kuyakomesha. Yaliondoka kwa heshima tu, moja baada ya jingine. Bibi aliacha kumwita mume wangu, akaanza kumwita Msomi. Mkaa akawa anaubeba mwenyewe. Mjomba wake, fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, aliihamishia redio yake karakana, na kijana alipotaka kumshikia nondo alimwondoa kwa upole: "Acha, hiyo ni mikono ya kalamu." Chakula chake kikaanza kuwekwa juu ya meza chumbani, kimefunikwa vizuri, wakati wao wawili wanakula jikoni wakinong'ona. Jirani akija na umbea wake aliashiriwa kwa kidole mdomoni: Msomi anasoma.

Ndivyo walivyompenda. Naye alilala pale gizani akisikiliza nyumba nzima inavyojitahidi asisikie kitu.

Jua lilipotoka alivaa shati ambalo bibi alilinyoosha vizuri kuliko ya wateja, akachukua mkoba wake. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, Msomi. Nenda kasome."

Akatoka. Njia ya kwenda chuoni hukata kulia baada ya duka la dawa. Yeye alinyoosha moja kwa moja, kama alivyokuwa amezoea kufanya siku hizi.

Alikwenda hospitali kubwa, sehemu ya wagonjwa wa nje, kwenye mabenchi marefu ya mbao. Hakuwa mgonjwa. Alipagundua mahali hapo kwa bahati, siku moja ya mvua, akaona kwamba mtu anaweza kukaa pale tangu asubuhi hadi jioni bila kuulizwa kitu, maana kila mmoja anadhani wewe ni wa mwenzake. Tena kulikuwa na jambo lililompendeza ambalo angeona haya kulisema. Muuguzi alikuja mlangoni, akamwita mtu kwa jina lake kamili, jina la baba na la babu, na yule mtu akainuka, na wote wakageuka kumtazama. Mwingine aliitwa akawa yuko msalani, basi benchi zima likahangaika kumtafuta.

Kulikuwa na mema mengine madogo. Mama mmoja alimwachia kiatu cha mtoto amshikie huku akikimbilia dirisha la dawa. Aliporudi alikipokea akasema, "Ahsante, baba." Kijana aliyaweka moyoni maneno hayo siku nzima. Hakukumbuka kama kuna mtu mwingine aliyeongea naye siku hiyo.

Asubuhi hii alikaa mwisho wa benchi la nyuma, mkoba mapajani. Watu walikuwa wengi. Saa za kupungua msongamano zilipokaribia, mlango wa nje ulifunguliwa na mwanamume mnene wa ovaroli akaingia akipapasa ukuta, kitambaa kimefungwa machoni. Mtu aliyemleta kwa pikipiki alimwelekeza upande wa mabenchi, akamwambia pole, akarudi kwenye kazi zake. Yule mwanamume alipiga hatua mbili akagonga goti kwenye benchi. "Samahani," akaiambia mbao.

Alikuwa mjomba.

Kijana aliganda. Mjomba alikuwa haoni chochote. Ingetosha kuinuka, kupita nyuma yake na kutoka, na siri yake ingebaki ilivyo. Aliinuka kweli. Alifika mpaka usawa wa mlango. Hapo akamwona mjomba, mtu anayebeba geti peke yake mabegani, akinyoosha mkono mbele hewani na kuuliza, "Hapa kuna nafasi?" Watu waliokuwa jirani walidhani anamuuliza mwingine. Hakuna aliyejibu. Mkono ukabaki hewani.

Kijana akarudi, akaushika.

"Nani huyu?"

"Mimi, mjomba."

Mjomba akaupapasa ule mkono kama anayekagua kipimo. "Msomi? Nani kakwambia? Nimewaambia vijana wa karakana wasikusumbue, wewe una masomo."

"Hakuna aliyeniambia."

"Sasa umejuaje kama niko hapa?"

Kijana akamwelekeza kwenye benchi. Alimkalisha, akamuuliza kimetokea nini. Kioo cha kinyago chake cha kazi kilikuwa na ufa, akasema mjomba, na mwanga wa kuchomelea ulipenya ukamchoma macho. Aliujua huo ufa tangu wiki ile nyingine, lakini mtu wa kumwonya kila mara alikuwa mpwa wake, na mpwa siku hizi haji karakana. Alisema hivyo bila lawama yoyote, kama anayeeleza hali ya hewa. Kisha muuguzi akatokea mlangoni na kuita jina lake, la baba yake na la babu yake, na kijana akamwongoza ndani.

Daktari alisema macho yatapona, ila yapumzishwe. Akayafunika kwa pamba na bendeji. Wakiwa wanatoka, muuguzi yule yule alimpa kijana kichupa cha dawa, akamtazama usoni akasema, "Kumbe leo umepata mgonjwa wako."

Mjomba alisikia. 

Nyumbani, bibi alipomwona mwanawe na bendeji aliacha pasi juu ya kola ya mtu mpaka ikatoa moshi. Baada ya kuhakikisha kwamba si upofu, na baada ya kumgombeza kwa sababu ya kinyago, alitaka kumrudisha mjukuu wake chuoni asije akakosa vipindi vya mchana. Hapo ndipo mjomba alipozungumza.

"Mama, kaa kwanza. Huyu hakutoka chuoni." Aligeuzia uso wake uliofungwa mahali alipodhani kijana amesimama, akakosea kidogo, akawa anaongea na kabati. "Mimi sioni, lakini nasikia. Yule muuguzi anakufahamu. Sema."

Kijana alisema. Alisema akiwa amesimama, huku anavuta uzi wa mkoba. Muhula uliopita aliumwa, homa ile iliyomlaza mpaka bibi akawa anamlisha kwa kijiko. Aliporudi darasani hakuna aliyejua kama alikuwa hayupo. Ukumbi ni mkubwa, mwalimu anaonekana mbali mbele kama sanamu ya dukani, na sauti yake inatoka kwenye spika ukutani. Kundi lake la mazoezi lilikuwa limeshaendelea na kazi. Msichana aliyekuwa akikaa naye kiti kwa kiti tangu mwaka wa kwanza alimgeukia, akamuuliza kwa adabu kabisa, samahani, wewe ni wa darasa hili? Basi akajaribu kutokwenda siku moja, aone. Halafu nyingine. Hakuna aliyepiga simu. Hakuna aliyeuliza. Mitihani inakaribia, na yeye ameamua kuacha chuo. Alikuwa anatafuta tu siku ya kuwaambia.

"Nani amekufanyia ubaya?" mjomba akauliza. Ngumi yake ilikuwa imeshajikunja. Kwa mjomba tatizo likiwa na mtu, hilo ni tatizo jepesi.

"Hakuna, mjomba. Ndiyo hivyo. Hakuna aliyenifanyia kitu chochote."

Ngumi ikabaki pale juu ya goti haina mahali pa kwenda. Karakana nzima humwita Baba Chuo. Huwa anajifanya kukasirika wakimwita hivyo, lakini akiandika bei ya kazi kwenye ubao hutafuta nafasi ya kutaja kwamba mpwa wake anasomea uhandisi wa maji. Aliikunjua ile ngumi, akasema polepole, kwa mshangao wa kweli, "Sasa sisi humu ndani tulikuwa tunanyamaza kwa ajili ya nani?"

"Nilikuwa natamani mpige kelele," kijana akasema.

Bibi alikuwa ameshika ile kola iliyoungua, akiipekua pekua. Maneno yale yalimwingia polepole. Alikumbuka mabakuli aliyoyafunika, na nyimbo alizozimeza alfajiri kwa alfajiri, na jinsi alivyojisifu kwa majirani kwamba nyumba yake sasa ina utulivu kama maktaba. Aliona kwamba mtoto alikuwa akitoka mahali asipojulikana na kuja mahali asipoguswa. Hakulia. Alimvuta kijana kwa shati, akamkalisha karibu naye kwenye mkeka, juu ya nguo za watu ambazo zilikuwa zimeshanyooshwa.

"Kuacha ni juu yako," akasema. "Mtu haswagwi kwenda darasani. Lakini utakwenda kuaga."

"Kumuaga nani, bibi?"

"Walimu wako."

"Hawanijui."

"Umekaa kwao mwaka wa pili huu. Watakosaje kukujua? Sisi hatuondoki kwa watu kimya kimya. Hata wale wapangaji wa nyumba ya jirani waliotoroka kodi, walimwambia muuza maji."

Kijana akamweleza tena kwamba chuo si nyumba. Bibi akasema mahali penye mlango na wenyewe ni nyumba. Akaeleza kwamba hatajua hata aanzie wapi. Bibi akasema vizuri, basi watakwenda wote wawili. Mjomba akakohoa kuficha kicheko, cha kwanza tangu asubuhi, akasema anamwonea huruma mlinzi wa getini.

Kesho yake bibi alivaa gauni lake la shughuli na viatu ambavyo hubana kidole, akaweka leso safi kwenye mkoba. Mlinzi alikuwa mtu wa makamo mwenye sauti kavu. Aliwauliza wamekuja kumwona nani.

"Wenyewe," akasema bibi.

Mlinzi alimtazama, akaitazama foleni ya magari nyuma yao, akauliza wenyewe gani. Kijana alitamani ardhi imfunike. Alionyesha kitambulisho chake, na mlinzi akaridhika, ila akasema safari kutoka hapo mpaka kwenye majengo ni ndefu kwa miguu ya mama, wangoje gari la wafanyakazi. Akakunja gazeti alilokuwa hajamaliza kulisoma, akalitandika juu ya tofali ili bibi asichafue gauni. Bibi alimwombea heri kwa kirefu, na mlinzi, ambaye hakuzoea kuombewa, alijishughulisha kuinua kizuizi cha barabara wakati hapakuwa na gari.

Kwenye jengo la utawala walipanga foleni. Karani wa dirisha la tatu hakuinua kichwa. "Namba ya usajili."

Kijana alitaja namba.

"Shida?"

"Nataka kuacha masomo."

"Unafanya mwenyewe kwenye mtandao. Huna haja ya kuja. Anayefuata."

Bibi alisogeza uso wake kwenye kioo mpaka pumzi ikaweka ukungu. "Mwanangu, shikilia hapo kwanza. Hatukuja kuacha. Tumekuja kuaga."

Karani akainua kichwa. Alikuwa msichana tu, macho mekundu kwa kutazama kompyuta. Nyuma yao mtu alicheka, na mwingine akasema wazee wana mambo. Kijana alihisi masikio yake yanawaka. Lakini karani hakucheka. Alifikiri, kama mtu aliyeulizwa kitu ambacho alipaswa kukijua.

"Hapa hakuna dirisha la kuaga, bibi," akasema mwishowe. Akamuuliza kijana anasoma nini. Akawaelekeza jengo la pili, ghorofa ya juu, mwisho wa korido. "Yule mama wa maji. Mlango wake huwa wazi."

Walipanda ngazi polepole. Bibi alipumzika kila kona, akisingizia kutazama picha za ukutani. Wanafunzi walipita wakishuka mbio, wengine wamevaa vipokea sauti masikioni, na mmoja akajibanza ukutani ili bibi apite akamwambia shikamoo. Bibi alimshika kijana mkono. "Unaona? Wana adabu. Hawajafundishwa tu kuongea."

Mhadhiri alikuwa mwanamke wa umri wa mjomba. Alikuwa amevua viatu chini ya meza, anakula karanga kutoka kwenye karatasi huku anasahihisha kazi. Aliposikia hodi alivitafuta viatu kwa miguu bila kuinama. Kiti cha wageni kilikuwa kimejaa marundo ya karatasi, na juu ya rundo kulikuwa na mwavuli wenye vumbi. Bibi alikitazama kile kiti akajua kwamba hakuna aliyekikalia kwa siku nyingi.

Baada ya salamu bibi alisimama wima. "Mwalimu, mjukuu wangu anaondoka. Tumekuja kuaga, na kushukuru kwa yote uliyomfundisha."

Mhadhiri alimtazama kijana. Alimtazama kwa juhudi, kama mtu anayesoma maandishi madogo. Kuna uongo mwepesi ambao angeweza kuusema, na wengi tungeusema. Hakuusema.

"Nisamehe, mama," akasema. "Simfahamu. Najua anatoka kwenye darasa langu, kwa sababu mnaniambia. Wako mia tano na zaidi. Simfahamu."

Kijana aliinamisha kichwa. Hakuona ajabu. Lakini kusikia mtu akilisema neno lile kwa mdomo wake kulikuwa na uzito ambao hakuutegemea.

Bibi hakukasirika. Alionekana kama aliyeletewa nguo ngumu kunyoosha. "Basi itabidi umfahamu kwanza," akasema, "ndipo akuage. Mtu hawezi kuagwa na asiyemjua. Sisi hatuna haraka." Akauinua ule mwavuli, akahamisha marundo sakafuni kwa mpangilio mzuri, akaketi.

Mhadhiri alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekamatwa. Akamletea kijana kigoda kutoka pembeni. Akawasogezea karanga. Halafu, kwa kuwa hakujua pengine pa kuanzia, akamuuliza bibi huyu ni nani.

"Huyu ni mume wangu," akasema bibi.

Karanga zilimpalia mhadhiri. Kijana akafunika uso kwa mikono, na mabega yake yakaanza kutikisika, na ilimchukua muda yeye mwenyewe kujua kwamba anacheka. Bibi akaendelea na mashtaka yake bila kutabasamu: mume mvivu, chai yake haina tofauti na maji ya kuoshea vyombo, kazi yake kuuliza maswali mpaka pasi inapoa. Ameuliza maji ya bomba yanatoka wapi tangu hajaota meno. Sasa amekwenda kusomea, na maswali yameisha. Nyumba imepoa.

"Yameisha?" mhadhiri akamgeukia kijana.

"Liko moja," akasema. Alilisema kwa sauti ndogo, akawa analiambia goti lake. "La mwaka wa kwanza. Kwenye hesabu za kugawa maji tunaambiwa mtu mmoja anatumia kiasi fulani kwa siku."

"Ndiyo. Ni wastani."

"Najua ni wastani. Lakini bibi anatumia maji ya kunyunyizia nguo za mtaa mzima. Mjomba anazima chuma cha moto kwenye ndoo. Jirani ana mtoto mchanga. Nilikuwa nataka kuuliza, yule mtu mmoja walimpima wapi? Walikwenda kwa nani?"

Mhadhiri aliacha kutafuna. Alitazama ubao mdogo ukutani kwake, uliokuwa na hesabu hizo hizo. "Mbona hukuuliza?"

"Ukumbini? Watu wote wale?"

"Ungekuja hapa."

"Sikujua kama mtu anakuja."

Nje, kwenye korido, viatu vilipita vikaenda. Mhadhiri alisema kwamba hajui jibu. Hesabu ile yeye naye aliikuta kwenye vitabu, akaifundisha kama alivyoikuta, na hakuna aliyewahi kumuuliza yule mtu ni nani. Kisha akamuuliza kijana jina lake. Kijana akalitaja, la baba na la babu. Mhadhiri hakuliandika popote. Alilirudia, akakosea la babu, bibi akamrekebisha, akalirudia tena mpaka likakaa sawa. Bibi akasimulia habari ya homa na ya kinyago, na mhadhiri akamuuliza kijana sasa anaendeleaje, na mjomba macho yake yamefikia wapi. Chai ikapatikana kutoka kwenye chupa, vikombe viwili kwa watu watatu. Jua liliondoka dirishani likaenda kwenye ukuta, na aliyekuwa na haraka hakuwepo.

Hatimaye bibi alijifuta mdomo kwa leso, akajiinua kwa kushika meza. "Sasa mnafahamiana," akasema. "Mwenye la kuaga aage, tusimchoshe mwalimu."

Kijana alisimama. Alikuwa ameyapanga maneno tangu ngazini, maneno manne tu ya adabu. Alifungua kinywa, akamtazama mhadhiri, na mhadhiri akamtazama, safari hii bila juhudi, kama unavyomtazama mtu. Maneno hayakuja. Bibi alijifanya anahangaika na kiatu kinachobana, akatoka nje kwanza.

Mhadhiri alimfuata kijana mpaka mlangoni, miguu mitupu, viatu amevisahau. Akashika mlango kana kwamba angependa kuuzuia, akauachia. Akatazama korido tupu upande huu na upande ule, na aliposema, haikuwa ile sauti inayotoka kwenye spika.

"Watu huwa hawaji huku juu," akasema. "Njoo tena. Hata kama huna swali."